Ngoma Zilizosafiri kwa Daraja la Kuni

Kaimu alishuka stendi ya Nachingwea na begi moja la begani. Konda, ambaye walijuana tangu zamani, akafungua buti na kumuuliza mzigo wake mwingine uko wapi.

"Sina mwingine," Kaimu akajibu.

"Si ulisema unafuata ngoma?"

"Sina mwingine, bwana."

Konda akafunga buti. Basi likaondoka kwenda kuoshwa, na mzee akabaki palepale kwenye vumbi, kama mtu aliyeambiwa asubiri kuitwa. Hakuwa na haraka ya kufika Chiola. Alikunywa chai nyuma ya stendi, akaagiza ya pili bila kiu. Akaingia sokoni kuuliza bei ya majembe ambayo hakuyataka. Alikuwa mtu wa kuzunguka nchi huyu: amekata mkonge Korogwe, amesukuma toroli Tabora, amelala kwenye mabanda ya reli ambayo hata wenye reli wameyasahau. Mtu wa namna hiyo anajua kuipitisha siku bila kuitumia. Ila siku hii ilikuwa nzito, haikutaka kupita. Kila alipogeuka alimwona mtu wa Chiola, na kila mtu wa Chiola alimtazama mikononi kwanza, ndipo akamsalimia.

Walikuwa wanatazama kama amekuja na ngoma.

Ngoma zenyewe zilikuwa tatu: msondo mmoja mrefu, wa kumfika mtu kifuani, na ndogo mbili za kuufuata. Zilichongwa kwa mninga enzi ambazo hakuna aliye hai anayezikumbuka. Kila msichana wa ukoo wao aliyewahi kuchezwa unyago alichezwa kwa hizo, na aliyezitunza sasa ni Mwanamvua, dada yake Kaimu. Mwaka uliopita zilipelekwa mbali, kule bondeni kwenye mashamba ya miwa, ambako mwanaukoo mwenzao Ashura ameolewa na mabinti zake walikuwa wamefikia umri. Sasa zilitakiwa nyumbani. Rabia, mjukuu wa Mwanamvua kwa binti yake Safina, alikuwa amevunja ungo, na likizo ya shule ya Juni ilikuwa inakaribia.

Nyumba ile ina utaratibu wake. Ngozi ya ngoma na mti wake havisafiri pamoja. Ngozi huvuliwa, hukunjwa ndani ya khanga, hubebwa na mwanamke. Mti hubebwa na mjomba. Vikifika nyumbani ndipo vinakutanishwa na kuwambwa upya, mbele ya wanawake. Ngozi zilikwishafika Chiola kwa mkono wa jirani wa Ashura. Zilikuwa zimetundikwa darini kwa Mwanamvua zikingoja miti. Na mjomba wa ukoo ni Kaimu.

Nauli ya mzigo alipewa kamili. Wanawake walichangishana.

Alipozifuata kule bondeni, barabara ilikuwa imekatwa na maji, njia pekee ya kutoka ilikuwa treni. Kaimu aliiviringisha ile miti mitatu hadi stesheni ndogo ya hapo. Karani wa mizigo, Dastani, mtu mpole mwenye kalamu sikioni, akatoka kuitazama.

"Nini hivi, mzee? Vinu?"

"Miti."

"Miti naiona. Ya kazi gani?"

"Kwani reli inabeba kazi? Si inabeba uzito? Weka kwenye mizani tumalizane."

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka kidogo. Kaimu akawasikia, akanyoosha mgongo.

Dastani hakukasirika. Alimweleza taratibu, kama anayemweleza baba yake. Reli haiulizi uzito kwanza. Inauliza kwanza, wewe mzigo ni nani? Ukishajibu, unawekwa kwenye daraja lako. Vitu vya kuvunjika, vya thamani, vyombo vya muziki, hivyo viko madaraja ya juu. Nafaka na saruji katikati. Na kitu kikubwa chenye uwazi ndani, chepesi kuliko mwili wake, hakipimwi kwa kilo, kinapimwa kwa nafasi kinayoila kwenye behewa.

"Kwa hiyo mnataka kunitoza hewa iliyomo ndani," Kaimu akasema.

"Hewa yako, mzee, inakaa mahali ambapo ningeweka saruji ya mtu."

Hapo foleni ikamcheka Kaimu. Na hilo ndilo lililomponza, maana alikuwa mtu wa kuweza kulala njaa lakini asiyeweza kuchekwa na foleni. Nauli alikuwa nayo mfukoni. Alichotaka ni kushinda.

"Daraja la chini kabisa kuna nini?"

"Mawe, mchanga, kuni."

"Basi hizi ni kuni."

Dastani akainama, akapitisha kidole kwenye duara la vitundu vya mambo, vile vijiti vya kukazia ngozi, juu ya msondo, pale ngozi inapofungwa. "Kuni gani hizi zenye vitundu vilivyopangwa?"

"Zimeliwa na mdudu mwenye akili."

Watu walicheka mpaka mama mmoja akashika kiuno. Dastani naye alicheka, ila aliacha kabla ya wenzake. "Mzee, nisikilize. Kitu cha daraja la juu kinapanda behewa la kufungwa, kinashushwa ghalani, kikipotea ni juu yetu. Kuni zinapanda behewa la wazi, zinashushwa uwanjani, na hakuna wa kuzilinda. Mwenyewe asipokuwepo siku ya kushusha, kituo kinaruhusiwa kuziuza ili uwanja uwe wazi. Utakuwepo?"

"Nitatangulia mimi, zitanikuta nimeketi."

"Haya. Mimi sibishani na mtu mzima. Wewe unatamka, mimi naandika ulichotamka."

Akatamka. Akapanda treni ya abiria akiwa na nauli ya wanawake iliyobaki, na moyo mwepesi kama wa kijana aliyeshinda bao.

Angetangulia kweli kama si Nuhu. Njiani treni ilisimama kwenye kituo ambako waliwahi kusukuma toroli pamoja, na Nuhu alikuwa amekaa palepale kwenye benchi, mzee sasa, hana meno ya mbele. Kaimu alishuka amsalimie. Treni ikaondoka. Wakacheka, wakaenda kula nyama kwa ile nauli iliyobaki, wakakumbushana majina ya waliokufa. Treni iliyofuata ilipita Kaimu akiwa bado anasimulia, na iliyofuata hiyo pia.

Alipofika stesheni kubwa, mahali pa kuhamishia mizigo kwenye malori ya kusini, alikuwa na njaa. Akakaa kwenye banda la mama lishe mmoja kando ya uwanja wa mizigo, Letisia jina lake, akaagiza wali maharage. Aliwaza kula kwanza ndipo akaulize kuni zake. Maharage yalikuwa yameiva vizuri, laini, na akamsifu mpishi.

"Si mimi, babu, ni kuni," Letisia akasema. "Wiki hii nimepata mninga mkavu, wa miaka na miaka. Unawaka kama mkaa. Wameuza hapo uwanjani, wenyewe hawakutokea."

Kaimu akatazama chini ya sufuria. Gogo lilikuwa limechanjwa, lakini kipande cha ukingo wake kilikuwa bado kizima, kimechungulia nje ya mafiga. Kilikuwa na vitundu. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye kila kitundu, mmoja mmoja, kwa mpangilio.

"Zilikuwa ngapi?" akauliza.

"Tatu. Hii ndiyo ya mwisho. Kwani ulizihitaji?"

Kaimu alikuwa ameshika sahani mkononi, na hakujua mtu anaifanyia nini sahani wakati kama huo. Akaimaliza. Akala mpaka punje ya mwisho, akanawa, akasema asante.

Jambo hilo la kumaliza sahani ndilo lililomkaa kooni njia nzima ya kurudi kusini, kuliko hata moto wenyewe.

Sasa jua likawa limeanza kushuka Nachingwea, na visingizio vya sokoni vikaisha. Akapanda bodaboda mpaka Chiola. Mwanamvua alikuwa uani anapepeta ufuta. Aliinua macho, akamtazama mikononi, akaweka ungo chini.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Miti iko wapi?"

"Reli wameipoteza," Kaimu akasema.

Aliyatoa maneno hayo kwa sauti nzuri, maana aliyafanyia mazoezi kwenye basi. Safina alitoka jikoni akiwa na mwiko. Majirani wakasogea. Wakalaani reli, wakalaani makarani, wakalaani serikali kwa jumla. Mmoja alilia. Kila mtu alimpa pole Kaimu, wakamwekea mkeka, wakamletea maji ya kunywa. Alizipokea pole zote. Kila moja ilimwingia kama mwiba, naye akaitikia, "Ndiyo hivyo. Tufanyeje."

Fauzia hakulaani mtu. Huyu ni mjukuu mwingine wa Mwanamvua, ana kibanda cha kutuma na kupokea pesa pale mjini, na ni mtu asiyekubali kitu kimepotea mpaka amwone aliyekipoteza. Kesho yake alikuja na simu yenye chaji na namba ya Dastani aliyoipata kwa Ashura. Safina na wengine walikuwa shambani. Uani walikuwepo Mwanamvua, Fauzia na Kaimu basi.

"Babu, leo watatulipa au watatuambia," Fauzia akasema, akabonyeza, akaweka sauti ya kusikika na wote.

"Mwache kwanza, mjukuu wangu," Kaimu akasema. "Watu wa reli wana mambo mengi."

"Hata sisi tunayo, babu."

Simu ikapokelewa. Fauzia akajieleza vizuri, kisomi, ngoma tatu, tarehe fulani, kutoka stesheni yenu.

"Ngoma?" sauti ya Dastani ikasema. "Dada yangu, sikupakia ngoma. Ngoma ningezikumbuka, zina daraja lake, zingepanda behewa la kufungwa, na zingepotea ningelala mimi bila usingizi. Nilichopakia siku hiyo ni kuni. Magogo matatu, na magogo yenyewe, kusema kweli, yalinitia mashaka. Nilimwambia mwenyewe. Mzee mmoja mcheshi sana huyo, alituvunja mbavu, alisema yameliwa na mdudu mwenye..."

Mwanamvua alinyoosha mkono, akaichukua simu kwenye kiganja cha mjukuu wake, akabonyeza kitufe cha pembeni mpaka kioo kikawa cheusi.

"Chaji imekwisha," akasema.

"Bibi, ilikuwa imejaa."

"Nimesema imekwisha. Nenda kamsaidie Safina shamba."

Fauzia akamtazama bibi yake, kisha akamtazama Kaimu, kisha akaitazama simu, akainuka akaenda. Hakuuliza tena, siku ile wala nyingine. Ila kuanzia hapo akimsalimia babu yake alikuwa anatazama pembeni.

Kaimu akamweleza dada yake mwisho wa miti ile kwenye mafiga ya mama lishe, akakaa anasubiri atukanwe. Alilitaka tusi kuliko mtu anavyotaka maji. Dada yake akachukua ungo, akarudia ufuta wake, ukawa unaruka na kuanguka, unaruka na kuanguka.

"Umekula?" Mwanamvua akauliza baada ya muda.

"Nimekula," akasema.

"Basi kesho tunakwenda Chinongwe."

Kaimu alielewa maana ya Chinongwe, na angekuwa na nguvu za kukataa angekataa. Chinongwe, upande wa Ruangwa, ndiko anakokaa Albina. Watu wake walivuka kutoka Msumbiji miaka mingi nyuma, wakapewa ardhi, wakaja na ngoma zao. Kwa miaka yote hiyo nyumba ya Mwanamvua ilizicheka. Walizipa jina: ndoo. Harusini, msibani, kokote wanawake wanakokutana, Mwanamvua alikuwa na mzaha wake tayari: Albina, ndoo zako bado hazijavuja? Na Albina alikuwa na kumbukumbu nzuri.

Walipanda gari mpaka njia panda, wakamalizia kwa miguu kupita mashamba ya mbaazi. Albina aliwapokea vizuri, akawatandikia mkeka uani, pamoja na wanawake wengine wawili aliokuwa anasukana nao nywele. Salamu zikaenda na kurudi. Kisha Mwanamvua akasema shida yake, moja kwa moja, bila kuizungusha. Alihitaji ngoma za kumchezea mjukuu.

Albina akashusha kichana. "Nisikie vizuri, dada. Umefuata ndoo zangu?"

"Nimefuata ngoma zako."

"Leo zimekuwa ngoma. Jamani, mmesikia, zimepanda cheo." Wenzake wakacheka. "Na zako? Zile zilizochongwa kabla mlima haujaumbwa?"

Kaimu akakohoa. Alikuwa amefungua kinywa. Neno lilikuwa limefika mlangoni kabisa, na angepata nafasi ya kuvuta pumzi moja tu zaidi lingetoka, au ndivyo alivyojiambia baadaye.

"Zimeungua," Mwanamvua akasema. "Nilitaka kubana nauli. Nilimwambia Kaimu akaziandikishe reli kama kuni, maana kuni ni rahisi. Wakazipokea kama kuni, wakaziuza kama kuni, zikachomwa kama kuni."

Halafu Albina akaanza kucheka, taratibu, kwa tumbo, mpaka akashika mkeka. Hakucheka kwa ubaya sana. Alicheka kama mtu aliyengoja zamu yake muda mrefu na akaipata kubwa kuliko alivyotarajia.

"Uchoyo, Mwanamvua. Uchoyo mtupu. Ngoma ya mabibi zako unaiita kuni kwa ajili ya nauli? Ndoo zangu hizi nilizisafirisha kichwani, mvua inaninyeshea, nikazifunika kwa nguo yangu mwenyewe, nikaja Chinongwe uchi wa mgongo."

"Ndiyo," Mwanamvua akasema.

"Na huyu kaka wa watu ukamtuma akadanganye."

"Ndiyo."

"Mzee wa watu, mtu wa heshima. Pole, kaka Kaimu. Umebebeshwa aibu ya mwenzio."

Kaimu akaitazama mikono yake.

Chakula kikaja, ugali na kuku. Albina mwenyewe alichagua firigisi, akaiweka upande wa Kaimu kwa kijiko. "Hii ya kwako, ya pole." Dada yake alipewa shingo. Mwanamvua akaila shingo ile, akiitenganisha mfupa mmoja mmoja, na Kaimu akatafuna firigisi. Ilikuwa ngumu, au kinywa chake kilikuwa kikavu. Aliitafuna, aliitafuna, akaimeza.

Albina alikubali. Alitoa sharti moja: ngoma zake hazitoki bila yeye. Atakuja Chiola, atakaa kwenye kiti mbele ya ngoma, na Mwanamvua atakaa kwenye mkeka, chini, mbele ya wanawake wote wa Chiola na Nambilanje watakaoalikwa.

"Nitakaa," Mwanamvua akasema.

Wakaaga. Wakashika njia ya mashambani mpaka nyumba zikapotea nyuma yao.

"Usiseme chochote," Mwanamvua akasema.

"Sijasema."

"Ndiyo. Hujasema."

Wakatembea. Mwanamvua alikuwa anachechemea kidogo, goti lake halipendi mteremko. "Mimi ni mwanamke mzee," akasema bila kugeuka. "Watanicheka mwaka huu, mwakani watapata mwingine wa kumcheka. Wewe ni mjomba. Rabia akiposwa ni wewe utakayeulizwa, Fauzia akiachwa ni wewe utakayekwenda kumrudisha. Mjomba wa kuchekwa, watoto wanakuwa hawana mtu. Basi. Tusiongee tena habari hii."

Kwa hiyo alikuwa amehesabiwa na kuwekwa daraja lake. Alikuwa kitu cha kuvunjika, cha kufunikwa mvua isikiguse, na dada yake ndiye aliyelipa. Aliangalia kisigino cha Mwanamvua kikipanda na kushuka mbele yake, kimepasuka, kimejaa vumbi jekundu.

Barabara ikaonekana. Kulikuwa na gari linakuja kwa mbali, vumbi lake limesimama juu ya mikorosho.

"Dada," Kaimu akasema. "Nimesahau kofia kwa Albina."

Mwanamvua akageuka, akamtazama. "Kofia iko kichwani mwako."

"Ndiyo."

Walitazamana. Yeye ndiye aliyemlea Kaimu mama yao alipofariki, alimfahamu akidanganya na alimfahamu akisema kweli, na sasa uso wake ulikuwa kama wa mtu anayesikiliza sauti ya mbali asiyoitambua.

"Gari hili likitupita, jingine mpaka jioni," akasema.

"Panda wewe."

Hakupanda. Alisogea kando ya njia, akatandaza khanga yake juu ya majani, akakaa na kunyoosha lile goti. Gari lilipunguza mwendo, dereva akapiga honi, naye akalipungia mkono liendelee.

Kaimu akarudi njia ya mashambani. Alipokaribia ua wa Albina alisikia vicheko, vya wanawake wengi kuliko aliowaacha, maana majirani walikwishaitwa kuja kusikia. Mmoja alikuwa anamwigiza Mwanamvua akiinama kwenye dirisha la reli. Mwingine akamjibu kwa sauti nzito ya karani, na neno kuni likarushwa huku na huku uani kama mpira.

Alisimama nje ya ua. Akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Hodi," akasema.

Wakanyamaza, wakageuka wote kumtazama.